Kengele ya Mgeni

“Mgeni mpe kengele kabla ya kitanda.” Mmewasikia mafundi wakiisema, wajukuu zangu, mkadhani ni methali ya malazi. Sivyo. Ilitoka katika ofisi ya tahadhari ya mafuriko, kule mtoni kwetu, na ilianza hivi.

Ofisini palikuwa na kompyuta moja kubwa. Ndani yake ziliishi kompyuta nyingine zisizo na miili, zilizoundwa kwa programu tu. Mafundi waliziita wageni, na ile kubwa wakaiita mwenyeji. Mgeni mmoja alipokea vipimo vya maji kutoka juu ya mto, na maji yakizidi, alipiga king'ora vijijini.

Mafundi walikuwa wawili: Komora, mkubwa wa kazi, na Hawayu. Walipokuwa wakimwandaa mgeni huyo walibishana. Akizimika ghafla, mwenyeji atajuaje?

“Tumpe kifaa kidogo cha kengele,” alisema Hawayu. “Akianguka anakigusa tu, mwenyeji anajua, anamwasha upya.”

“Mambo ya kizamani hayo. Atatuma taarifa kwa mtandao, kama anavyotuma vingine vyote.”

“Kaka Komora, kutuma kunataka aliye mzima. Anayekata roho ana nguvu ya kugusa tu.”

Komora alicheka. Ukachaguliwa mtandao.

Masika yakaingia. Asubuhi moja mgeni yule alianguka. Taarifa haikutoka, maana wa kuituma ndiye aliyekufa. Mwenyeji hakujua lolote; taa ya kijani iliendelea kuwaka mbele ya Komora akinywa chai. Maji yakashuka kwa kishindo, king'ora kimya.

Simu ilipolia, Hawayu aliipokea. Alisikiliza, akaiweka chini polepole.

“Kijiji cha Bodeni kimechukuliwa na maji.”

“Haiwezekani. Mashine inafanya kazi.”

“Mashine imekufa, kaka.”

Bodeni ndiko alikokuwa mama yake Komora, akipalilia mpunga na wanawake wenzake. Wengine waliopolewa. Yeye hajaonekana hata leo.

Baada ya matanga Komora alirudi kazini, akakifunga kile kifaa kwa mgeni yule, kisha kwa wageni wote. Siku moja alikuja fundi mpya, akamuuliza, “Mgeni nimpe kwanza nini, nafasi ya kuhifadhia data au kumbukumbu?”

“Hicho ni kitanda,” akasema Komora. “Mgeni mpe kengele kabla ya kitanda.”