Fisi Alivyojipa Kazi ya Kusafisha Meno ya Mamba

Mwaka ule mvua ilisusa, mto ukakatika, likabaki dimbwi moja tu nchi nzima. Kila mnyama alilazimika kunywa hapo, kwa hiyo wenye dimbwi, Mzee Mamba na mkewe na watoto wao watano, walikula wanavyotaka. Fisi yeye alikuwa na njaa ya kumtoa machozi. Kutwa alijibanza kwenye matete akitazama jambo moja lililomuuma roho: Kitwitwi, yule ndege mwenye miguu kama njiti, akiingia vinywani mwa mamba asubuhi na jioni, akichokoa mabaki ya nyama menoni na kuyala.

"Nyama ya bure!" Fisi akajisemea, mate yakimdondoka. "Kandege kale kanashiba, mimi mwenye tumbo la kueleweka nalala njaa? Haiwezekani!"

Akamwendea Mzee Mamba, ambaye kiburi chake kilikuwa kirefu kuliko mkia wake.

"Shikamoo, mzee. Samahani, lakini huko nyikani wanakucheka. Mkubwa mzima, kutwa mara mbili umeachama mbele ya kandege? Na kusugua kila siku namna hiyo, meno si yatachakaa? Nipe mimi kazi hiyo. Nitaifanya kwa heshima yako."

"Wananicheka?" Mzee Mamba akafura. "Kitwitwi! Toka kinywani mwa mke wangu, na usirudi!"

Kitwitwi akatoka, akapangusa mdomo wake kwenye majani. "Sawa, mzee. Lakini huyo hajawahi kusafisha hata meno yake mwenyewe. Msogelee umnuse."

Hakuna aliyemnusa.

Siku ya kwanza Fisi alichungulia vinywa saba, akapata nyuzi tatu za nyama. Tatu! Hazikufika hata kooni. Akakaa chini akafikiri, na Fisi akifikiri ujue ni tumbo linalofikiri. Akaona dawa ni kuyaacha mabaki yalundikane.

"Kuanzia leo tutasafisha mwezi ukiandama tu," akatangaza.

"Na harufu je?" Mama Mamba akauliza.

"Mama, wakati huu wa njaa kinywa kunuka nyama ni utajiri! Majirani watajuaje kama mmekula?"

"Na watoto?"

"Yao si meno ya utoto? Yatang'oka tu. Ya nini kujisumbua?"

Mama Mamba hakuridhika, lakini mumewe alikwisha kuamua.

Mwezi ulipoandama, Fisi alikula uozo ule mpaka akapaliwa. Mwezi wa pili alikula zaidi, na aliyoyaona humo ndani hakuyasema: meno meusi, mashimo, fizi zinazovuja damu. Ayaseme ili iweje? Jino lenye shimo huficha nyama nyingi. Mwezi wa tatu watoto wakawa wanalia mchana kutwa, mashavu yamevimba. Baba yao akamkamata swala mguu, swala akauchomoa akaenda zake na jino la mamba limeganda kwenye ngozi. Swala wenzake wakaangua kicheko, wakaendelea kunywa.

Siku hiyohiyo nyati mzee akanasa kwenye tope la dimbwi, akafa. Nyama tele! Familia nzima ikamvamia, wakang'ata, wakapiga mayowe wote saba.

"Mama, siwezi!" kitindamimba akalia. "Nitakufa njaa!"

Fisi akatoka mateteni mbio. "Poleni sana, jamani. Basi nyama isiharibike, ngoja niwasaidie kula." Akanyofoa pande la paja.

Mama Mamba alikuwa amemwachamisha mwanawe, anamtazama kinywani kwa mara ya kwanza. Akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaja taratibu, akamkalia Fisi mkia kwa uzito wake wote.

"Kila mwezi uliingiza kichwa humu. Uliyaona haya."

"Mama, mimi nilidhani..."

"Nyamaza utafune. Tafuna mpaka ilainike. Haya, sasa mpe mtoto."

"Nimpe? Nisimeze?"

"Meza uone. Meno sina, ila maji ya kukuzamisha ninayo."

Kitwitwi akaitwa arudi. Mzee Mamba alishindwa hata kumtazama machoni kwa aibu. Akaachama mwenyewe bila kuambiwa, Kitwitwi akamwambia afunge kwanza, watoto ndio wanaanza.

Mamba huota meno mapya, lakini si kwa siku moja. Mpaka yaote, Fisi alimtafuna nyati yule mzima, paja hadi shingo, kwa ajili ya vinywa saba. Mchuzi ulimpita ulimini mtamu, tonge likatolewa. Na Kitwitwi, kila alipomaliza kazi ya asubuhi, alitua puani pake kumlinda koo.

"Limetikisika!" akapiga kelele. "Tema!"

Fisi akatema, huku analia.

Hadithi yangu imekwisha. Na wewe uliyekula na wanao mkaenda kulala bila mswaki, Fisi bado anatafuta kazi.