Sinia Lililopita Njiani Wazi

Cha kukaanga hakifunikwi kingali moto. Ndivyo nilivyowaambia binti zangu wawili, Hidaya na Zaina, nilipowakuta jikoni wakinong'onezana juu ya blenda ya jirani yetu, Mama Shekue. Waliiazima, wakapasua jagi lake, na sasa walikuwa wakilipanga ndani ya boksi ili mwenyewe aje akutane na ufa siku atakapotaka juisi. Zaina akauliza kukaanga kunahusiana vipi na blenda. Nikamwambia aketi. Wali ulikuwa bado haujakauka, kwa hiyo nilikuwa na nafasi.

Methali hii ilianzia Muheza, mtaani kwa bibi yangu, na ilianza kwa ugomvi wa mawifi.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayezitemea mate njiani?" Maua alikuwa akiuliza, mikono kiunoni. "Sema, wifi. Usizunguke mbuyu."

"Sijasema unatema," Siwatu akajibu bila kuinua macho kwenye karai. "Nimesema pete zangu za vitunguu zinatoka hapa zikiwa kavu, zinafika kule zimelala kama matambara. Na kati ya hapa na kule yuko mtu mmoja tu."

Siwatu alikuwa ameolewa na kaka yake Maua miezi minane iliyopita. Mama mkwe wake, Bi Kidawa, aliongoza kikundi cha wanawake waliopika kwenye harusi za mtaa. Mwanamke aliyekuwa akishika karai la kikundi alihamia mji wa Moshi kwa mwanawe, na Bi Kidawa alitaka nafasi ile aipate mkwewe. Wenzake hawakukataa, ila walitaka kuonja kwanza, Ijumaa tatu mfululizo, nyumbani kwa mwenzao Bi Mgeni, ng'ambo ya soko. Siwatu akachagua kuwakaangia pete za vitunguu, kwa sababu hakuna kitu kinachomuumbua mkaangaji upesi kama hicho.

Ijumaa ya kwanza zilifika laini. Ya pili, vilevile. Hii ilikuwa ya tatu. Zikifika laini tena, karai lingekwenda kwa mwingine, na Siwatu angebaki kumenya vitunguu saumu na kusugua masufuria kwenye kila harusi, pengine hadi uzee.

Na kazi aliijua. Alikata vitunguu vyekundu vinene kiasi, akaachanisha pete mojamoja, akaziloweka kwenye maji baridi ya mtungini ili ukali upungue. Akazikung'uta, akazipangusa, maana pete yenye maji haishiki unga. Unga wake ulikuwa wa ngano uliochanganywa na wa mchele, chumvi kidogo, pilipili manga, ukakorogwa na maji baridi na kuachwa mzito wa kushika kijiko. Mafuta aliyajaribu kwa tone la unga: likizama yangoje, likiibuka likichemka yapo tayari. Alikaanga pete tano au sita tu kwa mara moja, akaziweka kwenye wavu wa chuma zichuje. Ukizigonga kwa ukucha zililia.

Lakini mle nyumbani chakula hakikupita njiani uchi. Hiyo ilikuwa sheria ya Bi Kidawa, na ya mama yake kabla yake. Chakula cha kupeleka kwa watu kilipakuliwa kwenye sinia, kikafunikwa kwa sinia jingine, kikafungwa kwa kitambaa cheupe, ndipo kikabebwa. Asiyefunika alikuwa ama hana adabu, ama anataka kutiwa jicho.

Kwa hiyo, mawifi wakiwa bado wanarushiana maneno, Bi Kidawa alipakua pete zote isipokuwa chache zilizosalia kwenye wavu, akazifunika, akakaza fundo.

"Nyamazeni, majirani wana masikio," akasema. "Funika kombe mwanaharamu apite. Maua, beba sinia."

"Sibebi."

"Nini?"

"Sibebi, mama. Nimebeba mara mbili, nimeitwa mchawi mara mbili. Leo na abebe mwenyewe mapete yake."

Bi Kidawa akaanza kumsihi binti yake. Siwatu akasema maneno yake, Maua akasema ya kwake, likaletwa na la sherehe ya ndoa, nani alikaa wapi na nani hakupewa kanga. Sinia likabaki kwenye benchi mbele ya macho ya wote watatu, na hakuna aliyeligusa. Walipochoka, kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshafika kizingitini.

Maua, kwa hasira, akaokota pete moja iliyosalia kwenye wavu akaitia mdomoni. Ikalia kwaru.

Wote wakamtazama. Akaitazama nusu iliyobaki mkononi.

"Hii imekaa hapa muda wote huu," akasema.

Siwatu aliinuka. Aliliendea sinia, akafungua fundo, akainua lile la juu. Upande wake wa ndani ulikuwa umejaa matone ya mvuke kama dirisha asubuhi ya mvua, nayo yakaanza kudondoka. Pete zilikuwa zimelala.

"Loo," Maua akasema. "Na hapa nani katema?"

"Nimekukosea, wifi," Siwatu akasema. "Nimekusingizia wiki mbili nzima."

"Umenisingizia na kwa dada yako Korogwe. Habari zimenifikia."

"Na kwa dada yangu Korogwe. Nitamwambia yeye pia."

Maua akatafuna nusu iliyobaki. Hakusema amesamehe, lakini mikono haikurudi kiunoni.

Bi Kidawa alikuwa bado ameinamia matone. "Na mimi niliwaambia kina Bi Mgeni kwamba mafuta yalikuwa ya zamani."

"Mafuta yalikuwa mapya, mama."

"Najua yalikuwa mapya. Nilikuwa nakusitiri, mwanangu. Wewe hukuwepo, hukusikia walivyosema."

"Walisemaje?"

"Kwamba huyu hata karanga hajui kukaanga."

Siwatu akaliweka benchini lile sinia la juu. "Ungeniambia maneno hayo Ijumaa ile ile, mama, ningetafuta kosa siku ile ile. Nisingemtafuta mtu."

Vilibaki vitunguu vinne. Akavikata vyote, akachochea mkaa, akakaanga tena, pete sita sita, bila haraka. Alipomaliza akazitandaza kwenye sinia, pete isilale juu ya pete. Mkono wa Bi Kidawa, kwa mazoea tu, ukalifuata lile sinia la pili.

"Hapana, mama. Cha kukaanga hakifunikwi kingali moto."

"Utapita nacho sokoni hivyo? Mchana huu?"

"Nitapita nacho."

"Watasema."

"Na waseme."

Akalibeba sinia mbele ya kifua, wazi, akatoka. Maua akachomoa kipepeo cha ukili nyuma ya mlango, akamfuata ubavuni akifukuza nzi. Bi Kidawa akaja nyuma yao hatua kumi, kanga imeshushwa hadi nyusi, asijulikane, ingawa kila mtu alimjua. Muuza nyanya akapaza sauti: "Leo kwa Bi Kidawa vifuniko vimekwisha?" Maua akamjibu kwamba midomo mingine ndiyo yenye kuhitaji vifuniko.

Kwa Bi Mgeni hakuna aliyewakaribisha kwa maneno mengi. Bi Mgeni alichukua pete, akauma, na chumba kizima kikasikia meno yake. Kabla hajasema lolote, Bi Kidawa akashusha kanga na kusema: "Mafuta hayakuwa ya zamani. Nilidanganya. Kosa lilikuwa kifuniko changu." Bi Mgeni akachukua pete ya pili, akawapisha na wengine. Siwatu alilishika karai lile miaka thelathini na mmoja.

Nilipofika hapo Zaina alikuwa ameshalifungua boksi. Alitoa jagi, ufa unaonekana toka mdomoni hadi kitakoni, akalishika kwa mikono miwili.

"Mama, tukichelewa utatufunikia wali?"

"Wali unafunikwa," nikamwambia. "Nendeni."

Hidaya akasimama mlangoni, akasema taratibu kama mtu anayeonja chumvi: "Cha kukaanga hakifunikwi kingali moto." Kisha akamfuata mdogo wake, nikamsikia akipiga hodi kwa Mama Shekue.