Uchovu wa Mkunde

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolima shamba la mwenzao. Haya, nawasamehe, maana hadithi ya leo ni ya uchovu. Paukwa tena!

Pakawa!

Ilikuwa zamani, zamani ya kabla ya bibi wa bibi yangu. Palikuwa na kijiji milimani, na katika kijiji hicho alikuwapo mwanamke kijana, jina lake Mkunde, mke wa Kiangi. Na Mkunde alichoka.

Alichoka, jamani! Akilala amechoka, akiamka amechoka. Akienda kisimani, hatua kumi, anakaa. Hatua kumi, anakaa. Wenzake wakitwanga utasikia pu! pu! pu! Yeye akitwanga, pu... kimya... pu... kimya. Moyo ulimwenda mbio, du-du-du-du, utadhani amefukuzwa na chui, kumbe ameinama tu kuokota ufagio.

Hakuolewa akiwa hivyo. Alikuja mchapakazi, tena mwimbaji. Uchovu ulimwingia alipomzaa mtoto wake wa tatu, Nambike, kwa uzazi uliommwaga damu nyingi. Sasa Nambike ameanza kutembea, na mama yake ndiye asiyeweza kutembea.

Majirani wakasema, "Mvivu." Mganga akasema, "Ana shetani," akamfunga hirizi. Mkunde akavaa hirizi, akachoka pamoja na hirizi yake. Mama mkwe wake, Mama Kiangi, akasema, "Jikaze, mwanangu. Sisi sote tulijikaza." Mkunde akajikaza. Siku ya tatu akaanguka na mtungi, pwaa! Maji yote chini.

Ndipo wazee wa ukoo walipokaa, wakasema: mke huyu arudishwe kwao. Watoto watabaki, maana watoto ni wa ukoo. Mkunde aliposikia kwamba ataachanishwa na wanawe, hata hakulia. Kulia nako kunataka nguvu. Mimi habari hii kila nikiisimulia inaniuma.

Sasa, katika kijiji hicho alikuwapo Bibi Nakiete, mkunga. Mzee, mfupi, meno mawili, ulimi mkali. Karibu kila mtu pale alipokelewa duniani na mikono yake. Alipopata habari alichukua mkongojo, kongo, kongo, kongo, mpaka kwa Kiangi, asubuhi umande haujakauka.

"Hodi!"

"Karibu, bibi," Mkunde akasema. "Nikuandalie nini?"

"Usiniandalie kitu. Nimekuja kukaa."

Akakaa. Mkunde akafagia, bibi akamtazama. Mkunde akaenda kisimani, bibi akamfuata, kongo, kongo. Mkunde akakaa hatua ya kumi, bibi naye akakaa. Hakumwambia ajikaze. Alimvuta kope ya chini, akaangalia ndani ya jicho. Akamwangalia kucha na viganja. Akaona vyote vimepauka.

Baadaye, jikoni, Mkunde alidhani bibi amesinzia. Akanyoosha mkono ukutani, akabandua kipande cha udongo, akatia mdomoni. Kru, kru, kru. Ukuta ule ulikuwa na shimo la kuingiza mkono mzima.

"Tangu lini?" bibi akauliza.

Mkunde akashtuka. "Nisamehe, bibi. Naona aibu. Nautamani udongo kuliko chakula."

"Sikukuuliza habari ya aibu. Nimekuuliza tangu lini."

"Tangu nimzae Nambike."

Siku hiyo wazee walikuwa wanakuja kumalizia maneno yao, na mbuzi alichinjwa. Sikilizeni sasa desturi ya watu wale. Ini lilikuwa la wazee wa kiume na mgeni wa heshima. Mayai vivyo hivyo. Mwanamke akila ini, eti atazaa mwizi. Akila yai, eti atazaa mtoto asiyeota nywele. Tena mke wa nyumba alipakulia watu wote kwanza: wazee, mume, watoto, mama mkwe. Yeye alikwangua chungu. Kwaru, kwaru, kwaru. Hicho ndicho kilichokuwa chakula cha Mkunde, jana, juzi na mwaka jana.

Bibi Nakiete alikuwa mgeni wa heshima, kwa hiyo aliletewa ini. Akainuka na bakuli lake, kongo, kongo, akapita mbele ya wazee wote, akaingia jikoni.

"Kula."

"Bibi, ni mwiko."

"Kula, mwanangu."

Mkunde akala. Uani pakawaka moto! Mkubwa wa wazee akasimama. "Nakiete! Unataka atuzalie wezi?"

"Wezi mnao tayari," bibi akajibu, "na mama zao hawakuonja ini hata siku moja."

Watu wakacheka. Bibi hakucheka.

"Nilikuwa na binti," akasema. "Wengi wenu hamkumjua. Alizaa, akavuja damu, akala udongo. Akaniambia, mama, nimechoka. Nikamwambia, jikaze. Alikuwa mtoto msikivu. Akajikaza, akajikaza, mpaka tukamzika. Huyu si mvivu. Damu yake imepungua na nyinyi mnamlisha ukoko. Nipeni miezi miwili. Nikishindwa, nitamrudisha kwao mimi mwenyewe, kwa miguu hii mibovu."

Wakampa miezi miwili.

Basi ini likipatikana, la Mkunde. Yai likitagwa, la Mkunde. Maharage na mboga ya mnavu kila siku, na ndimu ikakamuliwa juu. Udongo marufuku, na Kiangi akaziba shimo la ukuta. Kiangi huyohuyo ndiye aliyechota maji. Wanaume wenzake walimsimanga njia nzima: "Kiangi, umeolewa lini?" Akafika kisimani. Akachota.

Wiki ya kwanza, hakuna kitu. Wiki ya pili, hakuna kitu, na wazee wakaanza kunong'ona. Wiki ya nne hatua kumi zikawa ishirini. Mwezi wa pili ulipokwisha, Mkunde alipandisha kutoka kisimani bila kukaa, Nambike mgongoni, mtungi kichwani, na alikuwa anaimba.

Wazee wakaja, wakamwona. Mkubwa wao akasema, "Abaki. Abaki na wanawe."

Vigelegele vikapigwa! Lakini Mama Kiangi hakupiga. Alikaa kizingitini, akaangua kilio, mama mzima.

"Mama, vipi?" Kiangi akauliza. "Hukutaka abaki?"

"Nilitaka. Najililia mwenyewe. Nimezaa saba. Miaka thelathini nilikwangua chungu, mpaka nilipopata mkwe wa kukikwangua badala yangu. Nilidhani kuchoka ndiko kuwa mwanamke. Na sijapumzika mpaka leo. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mkunde aliingia jikoni, akatoka na bakuli lake la siku hiyo, yai na ini. Akaketi kizingitini, bega kwa bega na mama mkwe wake. Akaligawa ini katikati. Wakala pamoja, mchana kweupe, wazee wakiwatazama.

Basi, wasikilizaji wangu, mtu akilala akaamka bado amechoka, siku baada ya siku, usikimbilie kumwita mvivu. Huenda anaumwa. Kaa naye, uone anakula nini na nani anamsaidia. Mimi hadithi yangu naitua hapa. Mwenye mama nyumbani, akamuulize kama amekula.