Pikipiki ya Marehemu Baba

Fundi Semboja wa Korogwe aliikokota kutoka jalalani pikipiki ya enzi za Mwingereza, imeoza pamoja na kigari chake cha pembeni. Akaichomelea, akaifumua injini, akaipaka rangi, mpaka ikanguruma kuku wa jirani wakahama.

Habari zikamfikia Alhaji Shemdoe, tajiri wa malori na mashamba ya mkonge. Akaingia gereji na wapambe wake.

"Hii ni ya marehemu baba yangu. Ipakieni!"

"Alhamdulillahi!" Semboja akamkumbatia na grisi zake zote. "Una hakika, Alhaji?"

"Mji mzima unajua! Hakuna mwingine aliyewahi kuiendesha."

"Basi wewe ndiye unayetafutwa. Kuna bibi wa Handeni anasema mwenye pikipiki hii alimwoa kwa siri, akawa anamtembeza kwenye kigari hicho, akamzalisha wanaume wanne. Wanataka fungu lao la urithi."

"Baba yangu? Baba alitembea kwa miguu mpaka anakufa! Shusheni takataka hiyo!"

Walipotokomea, mama ntilie wa jirani akauliza, "Huyo bibi anakuja lini?"

"Bibi gani?" akasema Semboja, akapiga kiki.