Upau Uliokatika Mbele ya Wageni

Mhunzi akivunjikiwa na koleo lake hufadhaika, tena ana haki ya kufadhaika. Lakini chuma bado kipo, moto upo, na mikono anayo. Wahenga walitufunza hivyo, ingawa kusema ni rahisi. Muulize mtaalamu mmoja wa metali, mama wa makamo, ambaye wenzake walimwita Mama Majivu kwa kuwa unga wa kauri haukumtoka nyweleni.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya unga huo na alumini iliyoyeyuka, apate kitu chepesi lakini chenye nguvu ya kuhimili safari ya angani. Alihangaika miaka nenda miaka rudi. Mdogo wake wa kike, aliyeishi naye, hakuchoka kumtania: "Dada, sufuria zetu zimetoboka, wewe unawatengenezea watu wa mwezini!"

Siku ya siku ikawadia. Wajenzi wa setilaiti walikuja kuupima upau wake, fimbo aliyoimimina kwa mchanganyiko huo. Ukihimili, ungekuwa mkono wa setilaiti yao. Ukishindwa, karakana yao ingekosa kazi na kufungwa, wenzake watawanyike. Mashine ikaanza kuuvuta. Haukufika hata nusu ya kiwango, pa! Ukakatika vipande viwili.

"Pole sana, mama," mkuu wa wageni alisema kwa upole. "Itabidi tutafute kwingine."

Alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. "Nimewaponza wenzangu," alimwambia mdogo wake. "Kesho naacha kazi."

"Acha, nani kakushika?" mdogo wake alijibu huku akimsogezea chai. "Ila kwanza ujue kilichoukata. La sivyo utashinda hapa ukiniuliza mimi, na mimi hata yai naunguza!"

Mama Majivu alicheka bila kupenda.

Asubuhi aliweka kipande chini ya hadubini. Ndani mlijaa vitundu kama mkate, dalili ya unyevu. Unyevu umetoka wapi, na unga aliukausha yeye mwenyewe jokoni? Alizirudia hatua zote kichwani mpaka akafika kwenye chakula. Zamani mwenzao mmoja alizirai kwa njaa mbele ya tanuri, na hapo Mama Majivu mwenyewe akaweka sharti: hakuna kumimina kabla watu wote hawajala. Kumbe walipokuwa wakila na kupiga soga, unga ulikaa wazi mezani, ukipoa na kunywa unyevu wa hewa.

"Lo! Huruma yangu ndiyo iliyotuangusha," alisema.

"Basi tule kabla ya kuukausha," fundi wa tanuri, mmoja wa wenzake, alimjibu. "Kuzirai hatutaki tena, bosi."

Alimwendea mkuu wa wageni na vipande vyake mkononi, akamweleza kosa lake bila kuficha. Yule bwana alivigeuzageuza, kisha akasema, "Haya. Mara moja tu."

Safari hii walishiba mapema, na unga ukatoka jokoni moja kwa moja hadi kwenye alumini. Mashine ikavuta, ikafika kiwango, ikapita. Upau ukashika. Mama Majivu aliketi sakafuni akalia kwa sauti, na fundi wa tanuri, mtu mzima na ndevu zake, akalia naye.

"Inuka, mama," mkuu wa wageni alimwambia. "Mkono wa setilaiti tumeupata."

Hakika, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.