Ardhi Inayomwogopa Sultani Darweshi

Palikuwa na Sultani mmoja mjini Vumbini, jina lake Darweshi, mwenye gari kuukuu alilorithi kwa baba yake. Likikimbia, raha tupu. Likisimama huku injini inanguruma, loo! Linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Kilemba kinamshukia Sultani puani, meno yanagongana, na raia wanauma midomo wasicheke.

Sasa, mkubwa hakosei, jamani. Sultani akatoa amri: "Gari langu halitetemeki. Ni ardhi inayotetemeka, kwa kuniogopa mimi! Atakayesema ni gari, jela." Tangu siku hiyo, gari likisimama na kuanza vituko vyake, watu wote sharti waanguke kifudifudi na kupiga kelele, "Ardhi yamjua bwana wake!" Waziri ndiye aliyekuwa hodari wa kuanguka. Jino moja alishalipoteza kazini, maskini.

Siku moja akapita Fundi Ngwali, mtu ambaye mdomo wake hauna breki. Akatega sikio. "Ardhi gani?" akasema. "Gari bovu hili! Mpira wa kupitishia hewa kwenye injini umepasuka, injini inavuta upepo kwa wizi. Hamsikii linavyopiga mluzi?" Kufumba na kufumbua, yuko jela.

Ngwali alikuwa na mke, Bi Mize, naye fundi vilevile, na kwa ulimi yeye ndiye mwalimu wa mumewe. Akajifunga kanga kiunoni, huyo, mpaka uwanja wa jumba la Sultani. Akamkuta Sultani ndani ya gari, injini inawaka, watu wamelala vumbini.

"Maulana, nimekuja kumchukua mume wangu."

"Mu-mu-mumeo," Sultani akajibu, meno yakigongana, "atatoka siku ardhi itakapotulia. Si wewe fundi? Itibu basi! Lakini gari langu usilitie spana. Ukishindwa, utamfuata huko huko."

"Inshallah. Ila ugonjwa huulizwa kwanza. Gari likikimbia, ardhi inatetemeka?"

"Hapana. Haipati nafasi."

"Likizimwa?"

"Inapumzika."

"Na asubuhi, injini ikiwa baridi?"

"Hapo ndipo inapozidi! Mimi nikiamka huwa na hasira."

"Na ukiteremka, ukaikanyaga kwa miguu yako?"

Sultani akakohoa. "Hapo... inajikaza."

"Mashallah, ardhi yenye adabu! Basi nipishe nikae hapo ulipo, niipime. Tabibu hampimi mgonjwa kutoka mlangoni."

"Nimesema usiliguse!"

"Umesema nisilitie spana, Maulana. Nitakayoyaweka kitini si spana."

Mlinzi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Sultani naye kiuno kilikuwa kinamuuma kwa ule mtikisiko, ila nani wa kumwambia? Akateremka upesi kuliko ilivyompasa mtu wa heshima yake. Dereva akazima injini, ndiyo desturi Sultani anaposhuka. Watu wakainuka, wakajikung'uta vumbi, Waziri akihesabu meno yaliyobaki. Bi Mize akapanda, akajiweka kitako, akaitengeneza kanga yake vizuri.

"Dereva, hebu washa."

Dereva akawasha. Gari likaanza: tu-tu-tu, puu! Tu-tu-tu, puu!

Mazoea yana tabu, ndugu zangu. Hakuna aliyetazama nani kakaa humo. Wote chini, puu! Waziri wa kwanza, Kadhi akamwangukia mgongoni, na walinzi na mikuki yao, wote kwa sauti moja: "Ardhi yamjua bwana wake!"

Akabaki Sultani amesimama peke yake, anatazama visogo vya watu wake, vyote vimemwinamia Bi Mize. Naye Bi Mize anatikisika mle ndani huku akiwapungia mkono! Sultani akaona kiti chake cha enzi kinamponyoka mchana kweupe. Hasira zikamjaa mpaka kilemba kikampanda.

"Inukeni, majuha nyie!" akafoka. "Ardhi haina lolote! Ni gari! Gari bovu hilo, litatetemeka hata akikaa punda!"

Bi Mize akatoa kichwa dirishani.

"Ahsante, Maulana. Mume wangu yuko jela kwa maneno hayo hayo. Sasa sema mwenyewe: nikamtoe yeye, au nikakutandikie wewe mkeka kando yake?"