Perege wa Pezi Lililokatwa

Hapo zamani, wala si zamani ya mazimwi, ni zamani ya watu wenye redio na baiskeli, palikuwa na ziwa dogo la maji baridi liitwalo Igando. Kaeni vizuri enyi mnaosikiliza, maana mwisho wa habari hii kazi ni yenu, si yangu.

Kwenye ziwa hilo alifika mwanamke mmoja, Sekela, mtaalamu wa samaki. Alitoka mbali, kwa Wanyakyusa, akaja kwa mwaka mmoja na akakaa sita. Alipima kina cha maji, alichunguza matete ambamo perege hulelea watoto wao, na aliwajua samaki wa Igando kuliko alivyowajua binamu zake. Alilipenda ziwa lile, basi. Hakuwa na kitu kingine alichokipenda hivyo.

Ikawa samaki wanapungua. Watu wa mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, wakakaa kikao, wakakubaliana: "Mtaalamu ahesabu. Perege wakiwa chini ya elfu mbili, tunalifunga ziwa msimu mmoja lipumzike. Wakizidi hapo, tunavua."

Sasa samaki huhesabiwaje, nao hawapangi foleni? Sekela alivua perege mia mbili, akamkata kila mmoja kipande kidogo cha pezi, akawarudisha majini wakiwa hai. Baada ya wiki mbili wavuvi wangemletea perege mia mbili kutoka kwenye nyavu zao. Wenye pezi lililokatwa wakiwa wengi humo, ujue ziwa lina samaki wachache, ndiyo maana unawakuta walewale. Wakiwa haba, ujue wamepotelea kwenye umati, ziwa limejaa. Ni hesabu nzuri kabisa, ila inategemea watu.

Wa kuwatangazia watu alikuwa Limbu, mpiga mbiu wa mwalo. Sekela alimwambia, "Kaka Limbu, waambie wakimpata mwenye pezi lililokatwa wasimle wala wasimuuze, waniletee." Limbu akawaza: hawa wana njaa, watamla tu. Bora niwatie adabu kidogo. Akazunguka mwalo mzima akipaza sauti: "Jamani ee! Perege wa pezi lililokatwa ana mwenyewe! Ni wa mtaalamu! Msimguse!"

Siku ikafika. Perege mia mbili wakaletwa, Sekela akakagua pezi baada ya pezi. Wenye alama walikuwa wanne. Akapiga hesabu, akapata perege elfu kumi! Vigelegele vilisikika ng'ambo ya ziwa.

Lakini Sekela alikuwa na wavu wake mdogo wa majaribio. Wiki ileile wavu huo ulitoa perege hamsini, na tisa kati yao walikuwa na alama. Hesabu hiyo ilisema ziwa lina perege elfu moja na ushei tu. "Wavu wangu ni mdogo, umebahatisha," akajiambia, akafunga daftari. Watu walikuwa wanacheza ngoma nje ya mlango wake, na hakutaka kuwa mtu wa kuinyamazisha.

Watu wakavua. Wakavua katikati, wakavua pembeni, wakavua mpaka ndani ya matete. Mwaka uliofuata nyavu zilitoka na majani, na visamaki vya urefu wa kidole.

Asubuhi moja Sekela alipanda mtumbwi wa Kabula, mama mmoja mjane aliyekuwa mkuu wa nyavu pale mwaloni. Kabula akavuta wavu, akatoka perege mmoja mkubwa, pezi limekatwa. Akamtupa majini.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimemrudisha. Si wako?"

"Wangu?"

"Mwanangu, ng'ombe mwenye sikio lililochanjwa alama akiingia zizini kwangu, simchinji. Namswaga arudi kwa mwenyewe. Sisi tulifuga kabla ya kuvua. Samaki wako kaishi majini, namrudisha majini. Wote tulifanya hivyo. Wale wanne wako waliponyoka macho yetu tu."

Sekela alikaa chini kwenye maji machafu ya mtumbwi, akalia.

Habari ikafika mwaloni, na Sekela mwenyewe akaeleza yote, hata ya wavu wake mdogo, likaitwa baraza. Na Igando kuna desturi: aliyelikosea ziwa huliacha. Hagusi maji yake mpaka samaki warudi, na huenda ikawa miaka kumi. Huliacha mtu mmoja tu, kwani wao husema kosa likigawiwa wengi halina wa kulibeba.

Limbu akasimama. "Mimi niliwaambia wasile, na hawakula. Nani hapa alikula? Mimi ndimi niliyetii zaidi! Mtaalamu kapita kwenye mazizi yetu miaka sita, kaona masikio ya ng'ombe kila siku. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

"Nilikwambia waniletee," Sekela akajibu. "Neno hilo ulilila wewe, kaka."

Limbu akainamisha kichwa. "Nililila," akasema. "Nilidhani nakusaidia. Lakini mwenye daftari nani? Tisa katika hamsini uliwaona wewe peke yako."

Ilikuwa kweli, na ilimuuma Sekela.

Ndipo Kabula akasimama, wala hakuna aliyemwita. "Mtumbwi wangu peke yake ulirudisha samaki kumi na saba. Nilipomsikia mtaalamu akisema wanne, nilijua hesabu imekwenda upande. Nilijua palepale, mbele ya ngoma. Nikanyamaza. Ziwa likifungwa wajukuu wangu wale nini? Mali ya mtu nilirudisha kwa uaminifu. Neno la kweli ndilo nililolizuia."

Mwenyekiti wa baraza akawatazama wote watatu. Kabula hana riziki nyingine ila maji yale. Limbu kazaliwa pale, wazazi wake wamezikwa pale. Sekela anaweza kwenda kwenye ziwa lingine, kweli, lakini akiondoka yeye, ni nani atakayejua samaki wakirudi?

"Mmoja," akasema mwenyekiti. "Atoke mmoja."

Sekela alisimama ukingoni, maji yakimgusa vidole. Kosa lake alilijua vizuri. Asilolijua ni kama lilikuwa zito kuliko yale mengine mawili.

Haya, wenzangu. Mmoja alibadili ujumbe kwa nia njema. Mmoja aliona shaka akaifungia daftarini. Mmoja aliijua kweli akaimeza kwa ajili ya njaa ya watoto. Maji ni yaleyale, na samaki hawapo.

Je, nani aliache ziwa?